Namba Tatu za Bunduki ya Mahari

Jumatatu, 5 Machi 2007

Mgongo umekufa. Marobota ya jinzi, soko la Guangyuan Xilu, ghorofa ya sita. Lifti ni ya wateja. Kuli ana miguu, alisema mlinzi.

Lakini leo nimeona mlango! Papa Floribert, tajiri wangu kutoka Lubumbashi, anaoa. Mjomba wa bi harusi ametaka kwenye mahari bunduki ya mitutu miwili, ya Kiingereza, ya zamani, halisi. Ikifika bandia, binti habanduki kwao. Papa ameziona mbili kwenye mnada wa mtandaoni huko Ulaya. Hazitapita hapa China, nashukuru Mungu. Zinapokelewa Lubumbashi na muuza silaha mwenye kibali. Tukiwa mezani mgahawani, mtaa wa Xiaobei, Papa akauliza nani anajua bunduki. Atakayemchagulia vizuri atasimamia makontena yake bandarini Nansha. Kazi ya kukaa! Kiti! Mwavuli!

Nikasema babu yangu alikula na kulala na bunduki za wawindaji wa Kizungu. Si uongo mkubwa. Alikuwa mpishi wao.

Kamande, kuli mwenzangu kutoka Kenya tuliyepanga naye chumba, alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Jumanne, 6 Machi

Duka la intaneti, mimi, Papa na Kamande aliyejialika. Bunduki ya kwanza: chuma kimefifia, mbao ina mikwaruzo, na namba ni ileile kwenye mtutu, kwenye mwili na kwenye ubao wa mbele. Ya pili inang'aa kama sufuria ya harusi, na kila kipande kina namba yake.

Nikaigundua hila papo hapo! Mwaka jana Papa alinunua simu mia mbili, zote namba moja ya kiwandani. Mteja mmoja akaibiwa yake, kampuni ya simu ikaifunga namba hiyo, zikazimika zote. Sasa nani mjini hapa hajui kwamba namba zikifanana ni bandia? Kiwanda kimegonga muhuri mmoja asubuhi, kikaenda kula. Papa akashika shavu kama mtu aliyeguswa kidonda. Kisha akaniita Didas mwanangu.

Kamande akasema bunduki ni kama gari, namba za vipande lazima zikubaliane, na mzee aking'aa sana ujue kapakwa kitu. Nikamwambia gari si simu. Akasema wewe jamaa, hata bunduki si simu. Wivu haujibiwi.

Alhamisi, 8 Machi

Siku ya kuinunua ile inayong'aa. Nikamfundisha Papa mwendo wa Guangyuan: taja bei ya chini, sema tai gui, ghali mno, kisha toka polepole. Muuzaji mwenyewe atakukimbilia. Tukataja, tukatoka, tukakaa ngazini. Hakuna aliyetukimbilia. Kurudi, mtu wa mbali ameshataja bei juu yetu! Papa akabonyeza. Yule akabonyeza. Papa akavua koti, akabonyeza tena.

Tumeshinda! Ghali kupita hata bei aliyoiogopa. Nikamwambia ukweli una gharama. Hakucheka.

Nimeanza kuangalia viti. Nataka chenye mto.

Jumamosi, 10 Machi

Msiba. Papa alimtumia mjomba picha, na mzee huyo ni mwindaji. Akapiga simu, akasikika meza nzima. Akasema hiyo si bunduki, ni bunduki tatu zilizokutana njiani: mtutu wa huyu, mwili wa yule, mbao ya marehemu. Tena imesuguliwa mpaka umri wake umetoka na thamani yake. Akauliza kama na Papa angependa kuletewa mke wa vipande.

Papa akanitazama. Mimi nikamtazama samaki wa sahanini.

Hapo Odette, dada yake Papa, mwenye mgahawa, akaweka sahani chini. Akasema jana ameinunua ile kuukuu, kwa ushauri wa Kamande, na kwa bei nafuu, maana wanaopenda vya kung'aa walikuwa wameishiwa pesa juzi. Picha zikatumwa. Jioni mjomba akajibu: ndiyo yenyewe, leteni na mbuzi.

Kamande anakwenda Nansha. Ameshanunua kiti. Chenye mto!

Jumatano, 14 Machi

Sweta. Ghorofa ya saba.

Papa ameniambia nisitamke tena neno bunduki mbele yake. Sawa. Lakini mtu hujifunza. Namba zikifanana, kitu ni halisi! Mjomba mwenyewe kathibitisha.

Na leo, bahati! Bi Fathiya wa Zanzibar anatafuta simu za jumla, na anatafuta pia mtu wa kumweka ofisini, kazi ya kukaa. Nikampeleka moja kwa moja kwa muuzaji ninayembebea mizigo. Tukafungua boksi zima. Namba moja tupu, simu zote, mpaka tarakimu ya mwisho! Nikamwambia Bi Fathiya achukue zote kabla Kamande hajasikia.

Akaniuliza ujuzi wa simu nimeutoa wapi. Nikamwambia babu yangu alipika jirani na posta.