Namba Yangu Haina Rangi

Goma, Birere, tarehe 21 Julai 2021

Kwa Docteur Clotilde Akonkwa

Mheshimiwa Docteur,

Pokea heshima zangu. Mimi ni muzee Hemedi Musafiri, dereva mstaafu wa malori, miaka 68, uliyempima damu ya tezi dume mwezi jana, tuliporudi kutoka Sake tulikokimbilia kwa sababu ya volkano. Bila shaka unanikumbuka: ni yule aliyekuomba ufunge dirisha kabla ya kutaja jina la kipimo. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika hivi:

1. Karatasi yenu imeandikwa 6,2, na pembeni: kawaida ni chini ya 4. Basi, imeishia hapo. Docteur, sisi watu wa Goma tunasoma hatari kwa rangi. Mlima una kibao chake barabarani: kijani, lala; njano, kaa macho; rangi ya chungwa, funga mizigo; nyekundu, kimbia. Je, 6,2 ni rangi gani? Mimi nimefunga mizigo kwa tahadhari, na mke wangu Nasiba ananiuliza nakwenda wapi.

2. Uliniambia namba hiyo peke yake haisemi kwamba nina kansa. Nikafurahi. Ukaongeza kwamba haisemi pia kuwa sina. Huenda tezi imekua kwa uzee tu, huenda kuna maambukizo. Furaha ikaisha. Hata waasi walipoingia mjini mwaka 2012, siku ile ile tulijua ni akina nani.

3. Kisha ukauliza kama nilipanda baiskeli siku mbili kabla ya kipimo, kwa kuwa tandiko linaweza kuipandisha namba. Nilitoka Sake kwa baiskeli, Docteur, na godoro nyuma. Yaani moto umetoka mlimani, lawama imeangukia tezi yangu.

4. Sasa wiki sita ulizonipa zinatimia kesho, na unataka nirudi kupima tena. Mwezi wa tano mlima ulilipuka bila kutuonya; nyinyi mnatuonya bila mlipuko. Naomba basi tezi yangu ikabidhiwe kwa wataalamu wa volkano. Waifungie mashine zao, waipe rangi, na kibao kitundikwe mlangoni kwangu ili majirani wajue wakae umbali gani. Mpaka hapo, sitoi damu tena, hata tone.

Nisalimie wauguzi wote, hasa mama Donatille aliyenichoma sindano huku akiniuliza habari za wajukuu, pamoja na mlinzi wa mlangoni na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mgonjwa wako (au siye, bado hujasema),

Hemedi Musafiri

N.B. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha Nasiba alipoiomba. Aliisoma yote na hakucheka. Akaniambia: "Papa Shakila, mulima haikutuambia kitu. Hii karatasi inakuambia. Unangoja nini?" Kweli naogopa, Docteur. Jana ilikuwa Idi, na nyama yangu niliwapa wajukuu. Ile baiskeli nilimwachia jirani yangu Kakule siku ile ile ulipouliza, na sijaigusa tangu hapo. Kesho saa mbili asubuhi nitafika, kwa miguu. Nasiba atakuja nami, kwa hiyo tuwekee viti viwili.