Maili za Rayford Tidwell

Jumamosi ile Rayford Tidwell alikwenda uwanja wa besiboli wa Pell Springs kutafuta kivuli na soseji ya bure. Akapata vyote viwili, na juu yake akapata kazi. Mchezo wenyewe alikuwa haujui hata kidogo. Alichokijua ni macho ya watu, na mchana ule macho ya watu yalimshangaza: wazazi waliokaa kwenye viti vyao vya kukunja hawakuwa wakiwatazama watoto wao. Walikuwa wakitazama nyuma ya wavu.

Nyuma ya wavu walikaa wanaume wenye kofia za majani, mbegu za alizeti shavuni na kipima kasi mkononi, kile ambacho sisi wa viwanjani tunakiita bunduki. Mrushaji wa kawaida akirusha mpira, bunduki zinabaki mapajani. Akipanda kichuguu, kile kilima kidogo cha kurushia, mrushaji mwenye nyota yake, bunduki zinanyanyuka zote pamoja, na hapo utamwona mama anamkamata mumewe mkono mpaka kucha zinazama. Bunduki zikinyanyuka, mtoto anakwenda chuo kwa ufadhili. Zikibaki mapajani, anakwenda kuuza matairi kwa mjomba wake.

"Ee Mungu," alisema Rayford kwa unyenyekevu, huku akifuta haradali kidevuni, "umewaumba wazazi, na mimi hukunisahau."

Rayford alikuwa mtoto wa mjini, ingawa mji wenyewe ulikuwa na taa moja ya barabarani. Mwaka uliopita aliuza rangi ya kuzuia mvua ya mawe isipige mabati. Mvua ilipokuja haikuwa imepata habari za rangi hiyo, na Rayford akalazimika kuondoka haraka, gari lake akaliacha mikononi mwa wateja wenye hasira. Tangu siku hiyo alitembea kwa miguu, na Texas mtu mzima akitembea kwa miguu huulizwa kama amepotelewa na mbwa. Kila jioni alipita yadi ya magari ya mitumba ya Marvela Stubbs kuitazama pikapu moja nyekundu. Akihakikisha hakuna anayemwona, aliipapasa boneti. Jamani, aliipenda ile pikapu. Mwanamume mwingine angependa mke.

Sasa, msaka vipaji wa kujitegemea, yule wa kweli, ni mtu wa heshima. Anazunguka viwanja kwa viwanja, halafu anawaeleza makocha wa vyuo alichokiona, na vyuo ndivyo vinavyomlipa. Senti ya mzazi haigusi. Mtaji wake ni neno "hapana": anasema hapana kwa watoto wengi, ili siku akisema ndiyo, kocha awashe gari. Rayford alikuwa na uzoefu na neno moja tu kati ya hayo mawili, na siyo hilo la mtaji.

Bunduki aliipata kwenye duka la rehani. Binamu yake Junius, kinyozi mwenye mkono mwepesi kwa vitu vya umeme, akaifungua akaichokonoa, ikawa inaongeza maili kumi na mbili kwa saa juu ya kila kitu. Walipoijaribu kando ya barabara, gari la mchungaji mzee lilionekana linawakimbia polisi.

"Itakufaa," alisema Junius.

"Itawafaa wazazi," alisahihisha Rayford.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amejiegemeza kwenye uzio, kofia ya majani kichwani, akinong'ona peke yake kwa sauti ya kutosha kusikika: "Siamini. Siamini macho yangu."

Aliyemkusudia alikuwa Marvela Stubbs mwenyewe, mjane mwenye miwani mieusi na kikombe kikubwa cha chai ya barafu, mwenye kuuzia magari nusu ya wilaya. Mwanawe Colby, kijana mnene mpole, ndiye aliyekuwa akirusha.

"Huamini nini, kaka?" aliuliza Marvela.

"Samahani mama, kazi yangu ni ya siri." Rayford akaigeuza bunduki ili siri isomeke vizuri. Ilisema tisini, kasi ambayo vyuo huiota usiku.

Marvela aliitazama tisini ile. Akamtazama mwanawe. Akanywa chai yake taratibu.

"Tisini," alisema.

"Na hajakasirika bado. Yule ni mwanao? Pole, mama. Nasema pole kwa sababu makocha watakusumbua simu mpaka uibadilishe namba."

"Hawajaanza kunisumbua."

"Watajuaje? Mtoto hana mtu wa kumsemea. Mimi ndiyo kazi yangu, lakini sheria zetu kali, mama, pesa ya mzazi sigusi. Mwiko." Akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa na uaminifu wake mwenyewe. "Shida yangu usafiri tu. Ningekuwa na kijipikapu, hata chekundu..."

"Kumbe ni wewe," alisema Marvela, "unayeniachia alama za vidole kwenye boneti."

Rayford alikohoa.

"Sikiliza, kaka yangu. Mwanangu huyu anataka chuo, na mimi nataka aende. Niletee kocha wa kweli, siyo shemeji yako kavaa kofia. Asimame pale nyuma ya wavu, aseme kwa mdomo wake kwamba anamchukua Colby. Siku hiyo hiyo funguo zako, na gari unachukua kama ilivyo."

"Kama ilivyo!" alisema Rayford, na kidogo alie. Wakapeana mikono. Marvela akaufuta wa kwake kwenye sketi, na Rayford akadhani ni jasho.

Ugumu ukawa kumpata kocha wa kweli. Lakini Rayford alikuwa amekwisha soma tabia zao. Kwenye mashindano ya wikendi viwanja vinakuwa vingi, mechi zinachezwa kwa pamoja, na kocha hana macho ya kutosha. Kwa hiyo hatafuti mrushaji, anatafuta bunduki. Akiona zimenyanyuka uwanja wa jirani, anaacha soda yake anakwenda, maana anahofia wenzake wameona kitu. Hao ndio wasomi wetu.

Rayford hakuwa na bunduki za kutosha. Junius alikuwa na drayeri za kukaushia nywele, zenye umbo lile lile. Wakazipaka rangi nyeusi, wakawakusanya wazee wanaocheza domino mbele ya kinyozi, wakawavisha kofia na kuwaahidi nyama ya kuchoma. Asubuhi ya mashindano wakaketi safu nzima nyuma ya wavu. Colby alipopanda kichuguu, Rayford akapiga chafya, ndiyo ishara, na drayeri zote zikanyanyuka kwa heshima kama watu wanaokula kiapo.

"Mzee Alton, ficha waya!" alinong'ona Rayford.

"Niufiche wapi?"

"Suruali ina kazi gani?"

Haikupita muda, kocha akaja. Jina lake Odom, wa chuo kimoja kidogo cha Louisiana, mwanamume aliyechoka usoni, anatafuna tango la siki. Alisimama karibu na Rayford bila salamu, akachomoa bunduki yake mwenyewe, ya kweli, haijachokonolewa na mtu. Colby akarusha. Mpigaji akapunga gongo hewani, akakosa.

Odom akaitazama bunduki yake. Akaipigapiga kiganjani, akapima tena.

"Yangu inasema sabini na nane," alisema. "Yako?"

Rayford aliifunika bunduki yake kwa kofia. Marvela alikuwa hatua chache nyuma yao, miwani yake haioneshi kitu. Akisema tisini, kocha atamcheka mbele ya watu wote, kisha ataangalia drayeri. Akisema sabini na nane, mama atajua alimwingiza mjini, na pikapu ndiyo basi. Alitafuta uongo wa katikati. Hakuupata. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliona kizunguzungu.

"Sabini na nane," alisema kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji. "Akila vizuri, sabini na tisa."

Odom aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Sabini na nane, kocha."

"Unajua wewe ni mtu wa kwanza? Tangu mwaka uanze, kila anayejiita msaka vipaji ananiambia tisini. Texas nzima inarusha tisini! Nasafiri usiku kucha, nafika, nakuta mtoto hawezi kupasua dirisha. Niambie na ubaya wake mwingine."

Rayford alihisi ardhi inarudi chini ya viatu vyake. Kumbe na hii nayo inauzika!

"Anakimbia kama friji inayohamishwa," alisema, sasa kwa raha. "Asubuhi haamki. Akiona nyuki, anaondoka uwanjani."

"Safi sana. Na uzuri?"

"Uzuri wake sijui, kocha, nisikudanganye. Nachojua tangu asubuhi hakuna aliyempiga."

Odom akageuka, na kwa mara ya kwanza akatazama mpira badala ya bunduki. Colby aliushika kwa ncha za vidole akauachia. Ukaja bila kuzunguka, ukiyumba hewani kama mlevi anayetafuta mlango wake, na mpigaji akajizungusha mpaka akakaa chini kwa matako. Aliyemfuata naye akakaa. Wa tatu aliomba maji.

"Na hawa wenzako wote wameliona hilo," alisema Odom, akiipungia kichwa safu ya wazee wa domino. Mzee Alton akamwinulia drayeri yake kwa adabu. Odom akatema mbegu ya tango, akamwendea Marvela, akavua kofia. "Mama, wewe ndiye mzazi? Nafasi ninayo na ufadhili upo. Namchukua Colby kama alivyo."

Marvela hakupiga kelele. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli, kiasi kwamba Rayford mwenyewe alitazama pembeni. Kisha akaivaa tena, akatoa funguo mfukoni. Alikuwa amekuja nazo.

Rayford hakuwasubiri wazee na nyama yao. Alikata barabara ya kwenda mashariki, madirisha wazi, mkono mmoja nje, akiimba. Mita ilisema gari lile halijamaliza hata maili elfu thelathini. Gari la bibi kizee, alijisemea, la kwendea kanisani tu. Mbele yake kulikuwa na Louisiana nzima, yenye wazazi wasiohesabika.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii iliishia kabla ya mpaka, kando ya reli, pikapu ilipokohoa, ikapiga kwikwi, ikatoa moshi wa buluu na kunyamaza. Fundi wa kituo cha mafuta kilichokuwa karibu akaja, akafungua boneti, akaingiza kichwa. Alipokitoa, alikuwa amevua kofia.

"Hii imeuzwa kwako ina maili ngapi?"

"Elfu thelathini."

"Bwana wangu, hii imekwenda mwezini, na ilirudi ikivuta tela."

Rayford akapiga simu kwa uchungu wa mtu mwema aliyedhulumiwa.

"Mama Stubbs! Umeirudisha nyuma mita!"

"Bunduki yako ilisema tisini, kaka."

Rayford akageuka kuitazama mita.

"Ulijua?"

"Rayford, mimi ndiye niliyekuwa namdakia Colby mipira uani tangu baba yake alipofariki. Mikono mitupu, kila jioni. Angekuwa anarusha tisini, hivi vidole ninavyokushikia simu ningekuwa navyo?"

"Sasa kama ulijua, ulikubali nini?"

"Makocha hawakuwa wanamwangalia mwanangu kwa sababu bunduki hazinyanyuki. Mimi nilihitaji mtu wa kunyanyua bunduki. Ulininyanyulia, ahsante. Wewe uliongeza maili, mimi nikapunguza. Piga hesabu uone kama tuna deni." Sauti yake ikalainika. "Na leo ulimwambia kocha kweli, kaka yangu. Ilikupendeza. Ujaribu tena." Akakata.

Rayford alikaa kwenye bampa, akitafakari. Neno la mama lilimwingia. Kweli, kocha alinunua ubaya wote ule na kutaka nyongeza. Huenda alipoteza miaka mingi katika biashara isiyo yake.

Hapo likasimama gari dogo, akashuka mzee mmoja mwenye ovaroli safi. Aliizunguka pikapu ile nyekundu mara mbili, akaipapasa boneti, na Rayford akayatambua macho yale.

"Unauza?"

Rayford alisimama. Akavua kofia ya majani, akavuta pumzi, akasema kweli yote. Alisema mita imechezewa. Alisema injini imekufa na kwamba rangi ndiyo inayoshikilia bodi. Alisema hata yeye ametapeliwa. Hakubakiza kitu, na alipomaliza alijisikia mwepesi, msafi, karibu mtakatifu, akasubiri.

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Watu kama wewe siku hizi hawapo." Akarudi kwenye gari lake, akawasha, akateremsha kioo. "Umeniokoa. Acha tu nikanunue kwa yule mama wa Pell Springs. Nasikia magari yake yana maili chache."