Akina Everard na Crispin Mmoja

Jumatatu, 14 Aprili 1958
Mtoto wa kaka kapata mtoto wa kiume. Ataitwa nani? Everard, kama baba yake, kama kaka, kama Baba. Ukiita Everard nyumba hii ya Wexcombe wanaitika watatu, na mababu zetu malodi wa kwenye picha za ukutani wanakukodolea macho. Crispin ni mimi peke yangu, mtoto wa pili, mzee kapera, sina hata picha ukutani. Nikifa, jina nalo linazikwa. Leo limeniuma.

Jioni nikaambiwa ndimi baba wa ubatizo. Kijana, baba wa mtoto, alisema: kazi ndogo tu, Baba Mdogo, umshike na umtaje. Nimtaje! Jina linalotamkwa kwenye birika la ubatizo halifutiki, hata shemeji Hermione akizimia. Nimelala nikicheka.

Jumatano, 16 Aprili
Mazoezi mbele ya kioo. "Crispin." Sauti nzito, bila kukohoa. Shemeji Hermione akapita, akauliza najitambulisha kwa nani. Akasema ni vizuri, umri wangu huu mtu ajikumbushe. Mwanamke ana ulimi!

Mchana kwa Kasisi Pym, kumpeleleza. Sikio la kulia limekufa kabisa. Nitasimama kushoto. Mungu si Athumani, wala si Everard.

Ijumaa, 18 Aprili
Zamu yangu kumlisha Baba uji. Tangu Krismasi ananiita Everard. Anamwita kila mtu Everard, muuguzi na mbwa pia. Nikamwambia mimi Crispin. Akasema vizuri sana, Everard.

Kisha akaukamata mkono wangu. Akasema mambo yote yamemtoka kichwani, limebaki jina hilo moja. Akilisikia anajua bado yuko kwao. Akauliza kama kale katoto nako kataitwa hivyo.

Nikasema ndiyo, Baba. Ningesema nini? Nampenda mzee huyu. Mpango umekufa. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu. Muuguzi akauliza uji gani una vitunguu.

Jumapili, 20 Aprili
Kanisa limejaa. Mtoto mzito, kanishika sharubu. Kasisi akaniambia nimtaje. Nikafungua kinywa kusema Everard. Haki ya Mungu, Everard!

Hapo Baba, kwenye kiti chake cha magurudumu, akauliza kwa sauti: Crispin yuko wapi? Mbona simwoni mwanangu Crispin?

Machozi yakanitoka mbele ya kijiji kizima. Nikamjibu kama mtoto wa miaka mitano: "Crispin yupo hapa, Baba."

Nilikuwa nimesimama kushoto. Kasisi alisikia neno la kwanza, likamtosha. Maji yakamwagwa, na katoto kakawa Crispin milele na milele.

Shemeji Hermione alikaa kwa kishindo, juu ya kofia yake mwenyewe. Kaka akauliza kama maji yanaweza kurudishwa. Kijana alicheka mpaka akashika nguzo, akasema liacheni, Baba Mdogo amelisubiri muda mrefu. Sikujua kama alijua. Baba akambusu mtoto, akamwita Everard. Kila mtu akapata chake.

Jumamosi, 26 Aprili
Wiki nzima naitwa Crispin, natimka, kumbe si mimi. Jana nilikimbia mpaka sebuleni, nikapokewa na nepi. Leo asubuhi shemeji alitangaza kwamba Crispin amejitapikia, na kaka akanikagua shati. Mchana mezani, mahali pangu: karoti zilizopondwa. Nani alimpa mtoto huyu jina langu?

Baba tu ndiye hanichanganyi. Ananiita Everard, naitika. Jina zuri, limetulia, na lina picha ukutani.

Kesho baada ya ibada nitamwona Kasisi Pym, upande wa sikio zima. Nataka kujua kama mzee anaweza kubatizwa upya.