Mama Pétronille Apimwa Ubongo wa Anga

Kwa furaha isiyopimika, Ofisi ya Ubongo na Anga, tawi la Kalembe, inatangaza kwamba kuanzia leo hakuna mwananchi atakayesahau kitu bila kibali. Mimi Isidore, katibu, ndiye niliyebandika tangazo hilo mlangoni. Gundi ilikuwa bora.

Mkuu wetu, Papa Viateur, alikuwa amerudi kwa ndege kutoka semina ya Kinshasa. Huko walielezwa kwamba mionzi ya anga inaweza kuvuruga ubongo wa wanaanga: kusahau, hasira za bure, maamuzi mabovu. Papa Viateur akatafakari. Kalembe iko mlimani. Mlima uko karibu na anga. Basi Kalembe nzima ipimwe. Sikuona kasoro.

Wa kwanza alikuwa Mama Pétronille, mkulima. Alikuja kuulizia daraja lililobebwa na mto, maana maharage yake yalishaanza kuota ndani ya magunia bila njia ya kufika soko la mbali la Walikale. Tukamketisha.

"Mama, unakumbuka nini ya mwaka jana?" Mkuu alisoma kwenye fomu.

"Mwezi wa tatu, Jumamosi, siku ya posho, Papa Chef, ulituambia mbao ya kilalo, ya ile daraja, imefika, iko mu depo yako, inangojea tu sinyatire ya mukono yako. Ulivaa shati ya bluu. Kifungo ya pili haikukuwa."

"Mbao gani?"

Mama akamtazama kwa huruma ya kweli. "Aksanti Mungu! Kumbe si roho mubaya, iko ndege! Papa, ulipanda mpaka juu ya mawingu?"

"Juu kabisa!" Mkuu akajibu kwa fahari.

Mama akanigeukia. "Kaka Isidore, andika: kusahau."

Nikaandika, fomu haikukataza. Mkuu akapiga meza, wino ukamwagika. Nikaandika: hasira. Ndipo akaamuru mto ufungwe mpaka uombe radhi. Nikasita kidogo, kisha nikaandika: maamuzi.

Kanuni ya saba, aliyoitia sahihi Mkuu mwenyewe, inasema mwenye dalili zote tatu apumzike siku arobaini, na muhuri ashike yule aliyepimwa akakutwa mzima. Siku hiyo tulikuwa tumepima mmoja tu.

"Nakata rufaa!" Mkuu alifoka.

"Sawa, Papa," Mama alisema, akiupulizia muhuri pumzi. "Leta barua. Nitaisoma nyuma, kilalo ikiisha kujengwa."

Kwa muhuri huo mbao zilitoka deponi, na siku ya sita magunia yalivuka. Wanawake walicheza juu ya mbao mpya, nami katikati yao, faili kichwani.

Tukawaripotia wakubwa mafanikio hayo, pamoja na pendekezo: kila kiongozi anayesafiri kwa ndege apimwe kwetu. Jumatatu akafika mheshimiwa mmoja, viatu vinang'aa. Kabla hatujamsalimia, akaapa mbele ya kijiji kizima kwamba ametoka Kinshasa kwa miguu.

"Kwa miguu!" Mama Pétronille akashangilia, akimtwika gunia la maharage. "Basi Walikale kwako iko hapa tu."