Meza Yangu na Zimwi wa Darajani

Jumatatu, tarehe 6

Nimepoteza wachezaji wangu wote watatu. Jana Jumapili, saa kumi jioni, kwenye meza yangu mwenyewe! Meza niliyoiunda kwa mikono hii, kutokana na mlango wa friza ya buchani. Miguu ya chuma. Haiyumbi hata ukipanda juu yake.

Niandike ilivyokuwa, maana nikimsimulia mtu atasema kosa ni langu.

Mchezo wetu hauna ugumu. Mimi msimulizi: naunda dunia, mapango, hazina na mazimwi. Wao ni mashujaa. Wanasema wanafanya nini, wanarusha kete yenye pande ishirini, kete inaamua. Jana wakafika pangoni. Ndani yumo zimwi jike na watoto wake wawili. Nimempa alama arobaini za uhai, hesabu safi kabisa: mapigo sita au saba, mashujaa wachubuke kidogo, warudi kwao na furaha. Hesabu kama hiyo huipati popote.

Mshonaji, mmoja wa wale watatu, akasema hapigi mtu. Anataka kumsalimia. Kumsalimia! Nikamwambia huyo ni zimwi. Akaniuliza, sasa kakosa nini? Nikamjibu kakosa kuzaliwa zimwi, inatosha. Akarusha kete. Ishirini! Nikasema hiyo haihesabiki, mazimwi hawana mazungumzo.

Dereva wa gari la wagonjwa akainuka. Eti wiki nzima anabeba watu bila kuwauliza kama ni wema au wabaya, hawezi Jumapili kuja kuua mama wa watu mbele ya wanawe. Binamu yangu, damu yangu kabisa, akachukua koti lake bila kunitazama.

Leo nasikia wamehamia kwa Mfamasia, chumba cha nyuma cha duka la dawa. Mfamasia! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kete!

Viti vinne vimebaki mezani. Nimeipangusa meza. Haikuwa na vumbi.

Jumanne, tarehe 7

Mpango. Wanataka mazimwi wema? Nitawapa mazimwi wema mpaka wakinai.

Nimeandika kazini, nyuma ya boksi la kompresa ya friji. Kisa cha kwanza: kijiji cha mazimwi kinasingiziwa kutia sumu kisimani, mashujaa watafute ukweli. Tamu! Ila nani katia sumu? Nimelifikiria hilo huku nabadilisha mpira wa mlango wa friji ya mteja. Mkuu wa mji alikuwa safarini. Mchota maji naye anakunywa hapo hapo. Nimewapitia mmoja mmoja, wakabaki mazimwi. Sikupenda. Hesabu imenifikisha yenyewe.

Kisa cha pili: zimwi mkunga. Anazalisha wake za binadamu, na mchana hakuna anayemjibu salamu. Huyu nilimpenda kwa dhati. Lakini ukurasa mzima hakuna aliyepigwa, nikaona kete zitalala usingizi. Nikamwongezea meno. Sasa meno yale yote ya nini? Kufika jioni alikuwa amemla mtoto. Nimefuta.

Kisa cha tatu: koo mbili za mazimwi zina ugomvi, mashujaa wanawapatanisha katika ukumbi mkubwa. Wanapeana mikono. Paa linaanguka. Wanakufa mazimwi mia mbili. Lakini nani kaua? Paa! Hapo naona nimepiga hatua kubwa.

Nikamtumia Binamu visa vyote vitatu kwa simu. Jibu lake: Kaka, umekula?

Basi. Hakuna neno kuhusu paa. Huku ni kunidharau.

(Sikuwa nimekula. Lakini hayamhusu.)

Alhamisi, tarehe 9

Sasa wanacheza hata Alhamisi baada ya kazi. Kwangu Alhamisi kila mtu alikuwa na udhuru.

Nimekwenda kupeleleza. Nimejifanya naumwa kichwa, nikasimama karibu na rafu ya sabuni, hapo unasikia chumba cha nyuma vizuri. Vicheko! Dereva anacheka mpaka anakohoa. Kwangu hajawahi kukohoa.

Msaidizi wa duka akaniuliza maswali ya ugonjwa. Sikio langu lilikuwa kwingine, nikawa najibu ndiyo, ndiyo. Nimetoka na dawa ya minyoo na ya kupaka magotini.

Lakini nimeujua mchezo wao. Kuna zimwi anaishi peke yake darajani. Daraja kalijenga mwenyewe. Kila anayepita anagombezwa: usikanyage pale, usiegemee hapa. Kando ya njia kaweka vigoda vitatu, na ukimuuliza ni vya nani anakwambia havikuhusu. Mashujaa wanatafuta njia ya kuwa rafiki zake.

Zimwi gani huyo? Nimemtambua papo hapo: shemeji yangu mtupu, mume wa dada. Na yeye hana shukrani, na yeye hatembelewi. Nimeshangaa Mfamasia kamjulia wapi.

Ndipo Mfamasia akatoka kufuata maji, akanikuta nanusa sabuni. Hakukasirika, na hilo ndilo linalokera. Akanipa shikamoo, akauliza hali. Nikamwambia kazi nyingi, simu haipumziki. (Simu ilikuwa mfukoni. Ilipumzika.) Akaniomba Jumapili nije nimchezee huyo zimwi, yeye sauti yake nyembamba mno, mimi ninayo yenyewe. Na Mshonaji kutoka ndani akapaza sauti: Fundi, usikatae bwana!

Nimekubali. Kaniweka panya ghalani kwa mkono wake mwenyewe! Zimwi wangu atakuwa na alama sitini, mapigo mawili kila zamu. Mashujaa watatu, nimekokotoa, hawafiki zamu ya tano. Wakishakufa wote watakumbuka zimwi ni zimwi, na watarudi mezani kwa heshima.

Jumapili, tarehe 12

Nimepiga pasi shati. Si kwa ajili yao.

Chumba chenyewe kidogo, kinanuka dawa ya kikohozi, meza yao ni maboksi mawili na ubao. Inayumba! Nimekunja karatasi nikaiweka chini ya mguu, maana mimi siwezi kukaa nikatazama kitu kinayumba.

Tukaanza. Nimekunguruma vizuri, Binamu akaruka. Nikashika kete tayari kwa pigo la kwanza. Mshonaji akasema shujaa wake anavua viatu ili asichafue mbao, anaketi chini, anamuuliza zimwi: hii kazi nzuri namna hii ulifundishwa na nani?

Sasa zimwi ameulizwa, atafanyaje? Ilibidi ajibu. Nikasema hakufundishwa na mtu. Alianza na mbao za kuokota. Nikasema mafuriko yakija yeye huzuia nguzo kwa mgongo wake, na asubuhi watu wanavuka wakilalamika kwamba mbao zimelowa. Nikasema wapitao wakicheka, kicheko kinabaki kidogo darajani wakishaondoka, na zimwi huwa anasimama pale kilipobaki. Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Shemeji yangu hawezi kusema hivyo.

Dereva akawa anatazama dari. Mshonaji akajifuta jicho, nadhani ni ile harufu ya dawa.

Binamu akasema kwa sauti ndogo kwamba shujaa wake kaleta supu, bado ya moto, na anaomba kigoda kimoja. Nikasema turushe kete tuone kama zimwi atakubali. Mfamasia akasema kaka, hapa hatuhitaji kete, akitaka atakula. Bila kete! Mchezo gani huo?

Zimwi akala. Vigoda vyote vitatu vikakaliwa.

Kutoka, Mshonaji akaniambia kiti nilichokalia ni changu sasa, kila Jumapili, hata nikichelewa. Dereva akanipiga bega: bosi, leo umetuweza. Binamu akanisindikiza mpaka kona. Alitaka kusema kitu, akasema huenda mvua ikanyesha.

Nimefika nyumbani, navua viatu, ndipo nimekumbuka. Sikupiga! Alama sitini, mapigo mawili kila zamu, na sikumpiga mtu hata mmoja!

Jumatatu, tarehe 13

Nimetafakari siku nzima, hata nimeunganisha nyaya za friji ya mteja kinyume, ikawa inachemsha. Sasa naona wazi kilichotokea jana.

Nimeshinda.

Walilia. Kwenye meza ya maboksi, kwa kisa cha mtu mwingine, nimewaliza. Kwa hiyo tatizo halikuwa msimulizi. Tatizo ni kwamba wako mahali pasipofaa. Wakirudi kwangu, meza haiyumbi, kila kitu kinakaa sawa.

Kisa kipya nimeshakimaliza. Mashujaa wanarudi darajani, na zimwi alikuwa anajifanya! Supu ameimwaga mtoni. Alama tisini, mapigo matatu. Hawatakaa wasahau.

Nimewaandikia wote watatu kwamba msamaha upo na waje Jumapili kwangu. Mshonaji amejibu kwa niaba yao: Fundi, kiti chako kipo pale pale, njoo na zimwi wetu, tumemkumbuka tayari.

Hilo ni jibu? Nimeulizia viti vyangu, naambiwa cha kwao! Ujanja wa Mfamasia huo, nauona. Nimevipanga vyote vinne, nimeipangusa meza tena, na nimewatumia ujumbe wa mwisho. Naunakili hapa ili mtu asije akasema hakuelezwa:

Sikuulizia kiti. Mnarudi kwangu au hamrudi? Nataka ndiyo au hapana, kila mmoja kwa mdomo wake. Mwisho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Nitakuwa nimekaa mezani.