Gia ya Pili na Mguu Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Gia ya pili imeanza tena. Krrrr! Kama mtu anatafuna kokoto. Mbele ya duka la dawa, watu wamepanga foleni, wote wakageuka. Nikawapungia mkono kana kwamba nimefanya makusudi.

Niandike hali ilivyo. Jumamosi nampeleka mama mkwe kwa mdogo wake, kule milimani, mwendo wa saa tano. Hawajaonana miaka kumi na moja. Mgongo wa mama haumruhusu kukaa kitako zaidi ya nusu saa, na mdogo wake magoti yamegoma, hashuki mlima. Katika ukoo mzima ni mimi tu mwenye gari lenye kitanda. Lina jiko pia, na kabati, na choo kidogo, na mapazia ya maua. Ni kuukuu, nakubali. Lakini lina kitanda!

Shemeji, kaka yake mke wangu, ni mwalimu wa udereva. Alikuja jioni, akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema gari halina kosa. Kosa ni mguu wangu wa kushoto, ule unaokanyaga klachi. Mbele ya mke wangu! Akaongeza kwamba nikitaka atanipa masomo mawili, yale ya wanaoanza.

Naapa kosa nitalipata mwenyewe kabla ya Jumamosi. Miaka thelathini nimekuwa karani wa masjala, na hakuna karatasi iliyopotea ofisini nisiipate. Nimefungua faili. Jalada la kijani. "Gia: Uchunguzi."

Jumanne, 4 Machi

Chanzo nimekipata. Oili ya gia imechoka. Saa mbili asubuhi niliingia chini ya gari na spana, beseni na ari. Nikafungua boliti. Ikatoka oili nyeusi tii, nyingi kuliko nilivyotegemea. Ikajaza beseni, ikamwagika, ikanifuata mgongoni. Nilifurahi mno. Kumbe uchafu wote huu ndio uliokuwa unazisumbua gia!

Fundi wa gereji ya pale kona alikuwa anapita. Akainama, akaniuliza kwa upole kwa nini namwaga oili ya injini. Nikamwambia naanzia injini kwa makusudi. Akasema gia boksi iko nyuma kidogo, na kwamba nimpelekee gari, atalitazama kwa robo saa tu. Nikamshukuru. Nikamjulisha kwamba suala linashughulikiwa.

Mchana nimebadilisha oili zote mbili. Jioni nimelijaribu. Krrrr! Injini, hata hivyo, inanguruma vizuri ajabu.

Mke wangu ameuliza shati langu jeupe liko wapi. Nimemwambia ni kielelezo.

Jumatano, 5 Machi

Ugunduzi! Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia laini kama droo mpya. Injini ikiwaka, zinakataa. Nimerudia mara ishirini na mbili, kila jaribio nimeliandika. Nikampitia fundi kumtambia. Akasema basi klachi haiachii vizuri, nimletee gari. Mtu wa kukata tamaa upesi. Mimi dawa nilikwisha kuiona: ni kubadili gia injini ikiwa imezimwa! Sijui kwa nini watengeneza magari hawakulifikiria.

Nikajaribu barabara ya nyuma ya shule. Gia ya kwanza, mwendo, zima, gia ya pili, washa. Gari likaruka kama chura. Nikatulia. Nikarudia. Mara ya tatu liliruka likaingia moja kwa moja kwenye ua wa michongoma wa mwalimu mkuu mstaafu. Mwenyewe alikuwa anasoma gazeti upande wa pili. Akasema "karibu," sidhani kama kwa moyo mweupe.

Nikiwa bado humo, tawi limeingia dirishani, akapita shemeji na mwanafunzi wake, mama mmoja wa makamo, kwenye gari la mafunzo. Shemeji akamwambia apunguze mwendo. Akaninyooshea kidole, akaeleza jambo refu. Yule mama akatoa daftari akaandika!

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amesema fundi asipoliona gari kesho, mama ataenda na gari la shemeji, alazwe viti vya nyuma. Mama wa watu akunjwe kama shuka! Haiwezekani.

Wazo jipya: uzito. Nimetoa jiko, kabati, sufuria, meza na mlango wa choo. Vimebaki kitanda, mapazia na choo kisicho na mlango. Krrrr! Sasa kelele imekuwa kubwa zaidi, maana ndani kuna mwangwi.

Halafu kiatu cha kushoto kinateleza kwenye pedali wiki nzima. Nimemwambia mke wangu apunguze dawa ya viatu. Akajibu kwamba tangu tuoane hajawahi kunipakia viatu dawa hata siku moja. Anapenda kutoka nje ya mada.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe alikuja kujaribu kitanda. Akakisifu. Kisha akataka akae mbele kidogo, aone barabara. Tukazunguka mtaa. Krrrr! Mama alikuwa anatazama chini.

"Mkwe, kiatu chako kimelowa."

"Ni jasho, Mama. Nimehangaika sana wiki hii."

"Cha kushoto tu?"

Mama akainama, na mgongo wake ule ule, akapapasa zulia chini ya pedali, akanusa vidole. Akasema hayo ni mafuta. Alishona nguo za watu miaka arobaini, na mashine inapovuja yeye huijua kwa mkono.

"Twende kwa fundi."

"Mama, uchunguzi bado haujafika mwisho—"

"Mkwe." Alisema taratibu. "Mdogo wangu ananingoja. Geuza gari."

Nikageuza. Kwa gia ya kwanza mpaka gereji.

Fundi alifunua kikopo cha mafuta ya klachi. Kikavu! Pampu iliyo juu ya pedali mpira wake umekwisha, inavujia ndani, inavuta hewa. Ukikanyaga, klachi inaachia nusu tu, ndiyo maana gia zinagombana. Akafunga pampu mpya, akajaza mafuta, akatoa hewa. Mimi nilikanyaga pedali kwa amri yake: kanyaga, shikilia, achia. Nilikanyaga vizuri sana, alisema mwenyewe.

Shemeji akatokea, sijui nani alimwita. Nikamweleza habari za pampu kwa kirefu, ajue kwamba kosa lilikuwa la gari. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa hiyo tatizo lilikuwa mguuni, upande wa kushoto.

Sitaandika zaidi leo.

Jumamosi, 8 Machi

Gia ya pili imeingia bila sauti. Ya tatu pia. Nilitamani kusimama nianze upya. Mama alilala nyuma njia nzima, akinitajia mawingu anayoyaona dirishani.

Tulimkuta mdogo wake nje, juu ya kiti, amevaa nguo za kutokea. Alikuwa pale tangu alfajiri. Alipoona mlango wa gari unafunguka akasimama, yeye ambaye magoti yamegoma. Walishikana mikono. Kisha mdogo mtu akachungulia ndani, akauliza kama kile kitanda kinabeba wawili.

Jirani yake na mimi tukampandisha. Wakalala bega kwa bega, wakafunga mapazia, wakaongea mpaka alasiri. Walicheka mpaka gari likatikisika. Mimi nilikaa nje juu ya jiwe. Nikamsikia mama akisema, "Ni mkwe wangu ndiye aliyelitengeneza."

Nikakohoa kidogo. Sikumsahihisha. Mtu mzima hasahihishwi mbele ya mdogo wake.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amekuja kushukuru kwa ajili ya mama. Kwa heshima kabisa! Ila nilimsikia akiegesha: breki za gari lake la mafunzo zinalia. Amesema atampelekea fundi kesho. Akaingia ndani kunywa chai.

Kesho ya nini? Sikio langu sasa limekomaa. Nimeondoa gurudumu la mbele la gari lake. Vipande kumi na vinne viko juu ya gazeti, nimevipanga kwa ukubwa. Kumi na vitatu najua vinarudi wapi. Kuna kitu kinachuruzika, lakini ni kidogo.

Nimemwomba mke wangu amwongezee shemeji chai.