Sekunde Arobaini za Mzee Chasib

Jumapili, tarehe 6 Agosti

Hasna, kiangazi cha tatu hiki hujakanyaga Amara. Huko Uswidi wamekufungia mlango? Hata korongo hurudi, mwanangu. Daftari hili ni lako, kwa herufi nilizojifunza kwenye magunia ya mchele, basi usicheke mwandiko.

Baba yako hapumui bila mashine sasa. Mashine inakula umeme, na umeme wa serikali unazijua tabia zake. Fundi Dakhil ametufungia kisanduku cha rilei ukutani, karibu na jenereta ya dizeli. Umeme ukikatika, kinahesabu sekunde arobaini ndipo kinawasha injini. Ukirudi, kinangoja dakika tatu ndipo kinaizima. Nikamuuliza kinangoja nini, posa? Akasema kinahakikisha umeme umeondoka kweli. Miaka sitini na nane nauona ukiondoka. Hauhitaji kuhakikishwa.

Jumatatu, tarehe 7

Umekatika mara tano. Nahesabu kwa tasbihi, punje moja kila sekunde. Punje ya kumi, anafumbua macho. Ya ishirini, midomo rangi ya biringani. Ya thelathini, ananishika mkono kama mtu anayeshushwa kisimani. Halafu injini inakohoa, naye anakohoa.

Mama Raysan wa nyumba ya mkabala kaja na mtungi wa oksijeni wa marehemu mumewe. Umejaa, uzibe pengo la zile sekunde, kasema. Nikamjibu tunajitosheleza. Mwanamke yule aliniazima sufuria siku ya harusi yako, mpaka leo anaitaja misibani. Mtungi si ataupandisha mimbari? Baba yako akanitazama. Nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatano, tarehe 9

Nimempa Dakhil sahani ya bamia, nikamuuliza habari za kisanduku kama mjinga. Akanionyesha viskrubu viwili vya njano: hiki muda wa kungoja kuwasha, hiki wa kuzima. Visiguswe, kasema. Mdomo uliojaa bamia hauna siri.

Baada ya adhuhuri nimevizungusha vyote mpaka mwisho kwa kisu cha vitunguu. Umeme ukakatika. Injini ikashika kabla ya punje ya nne. Baba yako hakufumbua hata jicho. Nikakaa chini uani, nikalia kidogo. Kisha nikafungua dirisha, Mama Raysan aisikie injini.

Alhamisi, tarehe 10

Saa saba mchana umeme ulirudi, mtaa mzima ukamsalia Mtume. Injini ikazima papo hapo. Umeme ukaondoka. Injini ikawaka. Ukarudi. Tulimsalia Mtume mara tisa ndani ya dakika mbili. Ya kumi hakuna aliyeitikia. Umeme ukaondoka tena, na stata, ile inayoiamsha injini, ikatoa moshi. Kimya. Hakuna umeme wa serikali, hakuna wa dizeli.

Punje ya themanini, baba yako alikuwa hanishiki tena mkono.

Sijui nilipiga ukelele gani. Mama Raysan aliingia akiburuta mtungi, kiatu kimoja kakiacha njiani. Akafungua koki, akamvalisha barakoa, akaketi akimsugua miguu. Hakunisimanga hata kwa neno. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, tarehe 11

Yu hai. Kaomba chai ya ndimu kavu, na kwamba kisu changu kibaki kwenye vitunguu.

Dakhil kafunga stata nyingine. "Mama, zile sekunde zinailinda injini," kasema. Nikamuuliza, na mume wangu analindwa na sekunde zipi? "Na mtungi, mama." Akarudisha viskrubu pale pale, akavimiminia gundi, akaondoka na kisu changu.

Mtungi uko kando ya kitanda. Mama Raysan ameshamsimulia muuza samaki.

Jumamosi, tarehe 12

Nimemrudishia Mama Raysan mtungi wake, na halua juu yake. Nimemwambia asante, tumetengemaa. Kaguna tu.

Ile gundi nimeijaribu kwa maji ya moto. Inalegea. Kosa langu lilikuwa kuzungusha mpaka mwisho kabisa. Safari hii nitabakiza sekunde tatu.

Ukija, usilete chokoleti. Lete bisibisi nyembamba, uifiche ndani ya soksi. Baba yako akiuliza, hujui kitu. Pita mlango wa nyuma, Mama Raysan asikukumbatie kabla yangu. Na uje upesi, Hasna. Nahesabu peke yangu.